Mto Mara na Hesabu ya Kiangazi

Msikilizaji, mwezi Julai mwaka 1962 Tanganyika ilikuwa haijatimiza hata mwaka mmoja wa uhuru. Hazina yake ilikuwa ndogo na wahandisi wake wazalendo walikuwa wa kuhesabika. Hata hivyo serikali yake iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kuzieleza kwamba mkataba wa mwaka 1929 kuhusu maji ya mto Nile hauihusu. Mkataba ule Uingereza iliuingia kwa niaba ya makoloni yake. Ulisema pasijengwe kitu chochote kwenye Nile, wala kwenye vijito vyake, wala kwenye maziwa yanayoulisha mto huo, ambacho kingepunguza maji yaendayo Misri, mpaka Misri iridhie. Maana yake ni kwamba mkulima wa Sengerema akitaka mfereji, kibali chake kingetoka Cairo. Tanganyika ilikataa. Uganda na Kenya zilipopata uhuru zikachukua msimamo kama huo.

Tulikuwa na haki. Miongo minne baadaye, Tanzania ilipojenga bomba la kutoa maji Ziwa Victoria na kuyapeleka Kahama na Shinyanga, haikwenda kupiga hodi kwa mtu. Ziwa lilikuwa pale pale, na watu wa Shinyanga walikuwa wakichimba mchanga kwenye mito iliyokauka ili wapate ndoo moja ya maji ya tope. Uamuzi ule niliuunga mkono, na bado nauunga mkono.

Lakini leo nataka twende kwenye mto mwingine. Huu Tanzania haiko juu. Iko chini, kule ambako kwenye Nile amekaa Misri. Na aliye juu yetu si mgeni wa mbali, ni jirani yetu Kenya. Nazungumzia mto Mara.

Mto Mara huanzia kwenye msitu wa Mau, magharibi ya Bonde la Ufa. Huko juu kuna kinamasi kiitwacho Enapuiyapui, na kwenye miteremko hiyo hutoka mito miwili, Amala na Nyangores. Nyangores hupita mjini Bomet. Amala hupita Mulot. Hukutana chini, na kuanzia hapo jina ni Mara. Mto huteremka kwenye nyanda za Wamaasai, hukata Hifadhi ya Maasai Mara, huingia Serengeti na kupita Kogatende, kisha hugeuka kuelekea magharibi. Ukitoka hifadhini hupita vijiji vya Wakurya, hujitandaza kwenye kinamasi kikubwa ambacho wenyeji hukiita Masurura, hupenya chini ya daraja la Kirumi kwenye barabara kuu ya Musoma hadi Sirari, ndipo humwaga maji yake Ziwa Victoria. Urefu wake wote ni kilomita 395. Bonde lake lina zaidi ya kilomita za mraba 13,000, karibu theluthi mbili zikiwa Kenya na theluthi moja Tanzania, na ndani yake wanaishi watu zaidi ya milioni moja.

Kilomita 395 si nyingi. Ruvuma ni karibu mara mbili ya hapo. Lakini hesabu nani wanaunywa mto huu. Huko juu kuna wakulima wadogo wa chai, mahindi na viazi, na ng'ombe wao wa maziwa. Baada yao kuna mji wa Bomet unaokua mwaka hadi mwaka. Chini ya hapo yako mashamba makubwa yanayomwagilia, yenye mitambo inayovuta maji moja kwa moja mtoni. Kuna mifugo ya Wamaasai. Kuna kambi na hoteli za watalii, nyingi sana, kila moja ikitaka mgeni wake aoge maji ya moto jioni. Kuna wanyama wa hifadhi mbili. Kuna wachimbaji wa dhahabu upande wa Nyamongo. Kuna wakulima wa mahindi na mtama, wafugaji na wavuvi wa Tarime, Rorya, Serengeti, Butiama na Musoma. Na wengi wa hao wa mwisho huchota mtoni kwa ndoo, hawana bomba wala kisima cha uhakika.

Ukiyachukua maji ya mwaka mzima ukayagawa kwa siku 365, Mara haina shida kubwa. Aprili na Mei mto hufurika, madaraja ya miguu hubebwa, mashamba ya bondeni huzama. Hesabu ya wastani hutoka nzuri, na ndiyo hesabu inayopendwa kwenye mabango na vitini vya semina. Ila hakuna ng'ombe anayekunywa wastani. Shida ya Mara iko kwenye majuma machache ya kiangazi, Januari hadi Machi, na katika miaka ya ukame hata Agosti na Septemba. Majuma hayo katika miaka mibaya mto umewahi kushuka hadi kukaribia mita moja ya ujazo kwa sekunde, yaani lita elfu moja.

Tafadhali nisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Wahandisi wa umwagiliaji wana kanuni ya kukadiria: hekta moja ya mazao inataka kiasi cha lita moja ya maji kwa sekunde. Basi mto ukiwa na lita elfu moja, hekta elfu moja zinatosha kuumaliza wote. Hekta elfu moja ni mashamba makubwa machache tu. Wenye mashamba hayo wala si lazima wawe wezi. Kila mmoja anaweza kuwa na kibali chake mfukoni, kimegongwa muhuri halali, kilichotolewa kwa hesabu ya mto wa Mei. Na mtu wa chini, aliyeko kilomita mia moja na zaidi, atashuka mtoni asubuhi na kukuta mawe.

Wako waliokwisha kututahadharisha. Mwaka 2002 watafiti wakiongozwa na Emmanuel Gereta, Mtanzania, pamoja na Eric Wolanski, walitengeneza kielelezo cha hesabu kuhusu Mara na nyumbu wa Serengeti. Wakati huo Kenya ilikuwa na mpango wa kuyachepusha maji ya Amala, kuyavusha mlima na kuyamimina katika mto Ewaso Ng'iro wa kusini, yaendeshe mitambo ya umeme. Watafiti wakajiuliza: mpango huo ukikutana na ukame mkali, pamoja na msitu kukatwa na umwagiliaji kuongezeka, itakuwaje? Jibu lao lilikuwa kwamba nyumbu wanaohama wangeweza kufa kwa kiasi cha kati ya asilimia 20 na asilimia 80, kutegemea ukali wa ukame. Wakifa nusu, huenda ikachukua miaka 20 kundi kurudi lilivyokuwa.

Mtu wa mjini anaweza kusema, nyumbu wana nini? Wana hili: wako milioni moja na laki tatu hivi, na kuanzia Julai hadi Oktoba, nyasi za kusini zikiisha na mabwawa yakikauka, huja kaskazini kwa sababu kule kuna maji yasiyokatika. Mto wa kudumu katika eneo lote hilo ni Mara peke yake. Grumeti hubaki madimbwi. Serengeti nzima, pamoja na simba wake, na fedha za kigeni inazoliletea taifa, na ajira za waongoza watalii, madereva na wapishi kutoka Mugumu mpaka Arusha, inaning'inia kwenye mto ambao chanzo chake hakiko Tanzania. Ni jambo la kutafakari kwamba tuna sheria kali za kumzuia mchungaji asivuke mpaka wa hifadhi, na hatuna sheria yoyote ya pamoja inayoeleza hifadhi hiyo ina haki ya lita ngapi siku ya kiangazi.

Nao wanyama wa majini tusiwasahau. Upande wa Kenya peke yake, mto Mara una viboko zaidi ya 4,000. Usiku hula nyasi nchi kavu, mchana hujaa majini na kuacha humo kinyesi. Watafiti walipima wakakuta viboko hao huingiza mtoni kiasi cha tani 36 za mabaki ya nyasi kila siku. Mto ukiwa na nguvu, uchafu huo husombwa na kuwa chakula cha wadudu na samaki. Mto ukidhoofika, hujikusanya chini ya vidimbwi na kuoza, na maji ya chini hukosa hewa. Mvua ya kwanza ikinyesha huzoa yote kwa mkupuo, na samaki hufa kwa wingi hadi mbali.

Machi 2022 maji ya Mara upande wa Tanzania yaligeuka rangi yakatoa harufu, samaki wakaelea wamekufa. Watu wakakatazwa kuyatumia. Serikali iliunda kamati, na kamati ikataja kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza kinamasini. Wengi hawakuridhika, wakiwamo wabunge, na macho ya watu yalielekea kwenye migodi. Sitaki kuufungua upya mjadala ule leo. Ninachosema ni kwamba kama kungekuwa na vipimo vya kila siku, kutoka Bomet hadi Kirumi, vya kina cha maji, kasi yake na hewa iliyomo, tena viko wazi kwa raia wa pande zote mbili, ubishi ungepata pa kushika. Bila vipimo kila mtu hubaki na tuhuma yake, na tuhuma haitibu maji.

Sasa turudi juu, Mau, kwa sababu maji ya kiangazi hutengenezwa huko. Mvua ikianguka msituni huzama ardhini taratibu, kisha hutoka kidogo kidogo kwenye chemchemi miezi mvua ikiwa imekatika. Msitu ukiondolewa, mvua ile ile hupiga ardhi tupu na kukimbilia mtoni siku hiyo hiyo na udongo wake. Kwa hiyo mto hupata mafuriko makubwa zaidi na kiangazi kikavu zaidi, hata kama mvua ya mwaka haikupungua tone. Kikosi kazi cha serikali ya Kenya kilitoa taarifa yake mwaka 2009, kikasema Mau imepoteza karibu robo ya msitu wake katika kipindi cha miongo miwili hivi. Sehemu kubwa ilikwenda kwa njia rasmi: ardhi ya msitu ilimegwa kwa tangazo la serikali na kugawiwa, na walionufaika hawakuwa maskini peke yao.

Udongo ule nao una mwisho wake. Umeteremka miaka yote hii na kutua Masurura. Kinamasi kimepanuka mno tangu miaka ya 1970, na wenye mashamba ya kando wamelazimika kuyaachia mafunjo na matete. Udongo wa shamba la Bomet unazika shamba la Butiama. Mto ukifika huko chini huenda polepole, na ningu, samaki ambaye mvua zikianza hupanda mito kutoka ziwani ili atage mayai, wamepungua sana kuliko walivyokuwa enzi za wazee wetu. Wamevuliwa kupita kiasi midomoni mwa mito, ni kweli, lakini mto mchafu wenye maji ya kusuasua haumsaidii samaki wa namna hiyo.

Lipo jambo ambalo sisi wa chini tunaliharakisha mno tukiwa na kiu. Tunasema: basi Kenya iwatoe watu msituni. Kenya imewatoa, zaidi ya mara moja, na maelfu ya watoto wamelala nje katika baridi ya Mau. Miongoni mwa waliofukuzwa walikuwamo Waogiek, watu wa asali na mizinga, ambao msitu ule ni wao tangu kabla ya serikali yoyote. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hapa hapa kwetu Arusha, iliamua tarehe 26 Mei 2017 kwamba kuwafukuza Waogiek kulivunja haki zao, na kwamba uhifadhi haukuwa sababu halali, kwa kuwa si wao walioumaliza msitu. Mwaka 2022 mahakama hiyo ikaagiza walipwe fidia na warudishiwe ardhi. Mtanzania anayedai maji ya Mara lazima aijue hukumu hii. Hatuwezi kudai haki yetu chini kwa kuomba mwingine aporwe yake juu.

Naomba tutoke Afrika kidogo, tuvuke bahari mpaka Marekani, kwa sababu huko kuna mto uliogawanywa kwa kalamu nzuri na wanasheria wazuri, na mambo yakaharibika. Unaitwa Colorado. Mwaka 1922 majimbo saba yalikaa yakagawana maji yake, na mwaka 1944 ukatiwa saini mkataba uliotoa sehemu kwa Meksiko, iliyoko mwisho wa mto. Ukijumlisha vyote, waligawa kiasi cha mita za ujazo bilioni 20 kwa mwaka. Tatizo ni kwamba miaka waliyotumia kuupima mto ilikuwa miaka ya mvua nyingi kuliko kawaida. Tangu mwaka 2000 mto huo umekuwa ukitoa wastani wa bilioni 15 hivi. Kila mmoja ana karatasi halali ya maji yasiyokuwapo. Tangu miaka ya 1960 Colorado haufiki baharini ila kwa nadra, na mdomo wake huko Meksiko, uliokuwa na misitu na samaki, umekuwa chumvi na vumbi. Mwaka 1922 Meksiko haikuwa na kiti mezani, wala mataifa ya wenyeji wa asili walioishi kando ya mto ule karne na karne. Asiyekuwapo na lake halipo.

Nile nayo ina ubaya huo huo. Mkataba wa 1959 uliipa Misri mita za ujazo bilioni 55.5 na Sudan bilioni 18.5, na Ethiopia, yatokako maji mengi ya mto, ikaachiwa sifuri. Wenye sifuri hawakunyamaza milele. Ethiopia ilijenga bwawa lake kubwa na kulizindua Septemba 2025. Nasi wengine tulikwenda Entebbe mwaka 2010 kuandika mkataba mpya wa nchi zote za bonde, ambao ulianza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024 baada ya nchi sita kuuridhia: Ethiopia, Rwanda, Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini. Kenya ilitia saini mwaka 2010, lakini haikuwa miongoni mwa hizo sita. Neno kuu la mkataba huo ni matumizi ya haki na ya kadiri.

Hapo ndipo ninapoishika Tanzania, nchi yangu, na kuishika Kenya pia. Yale tuliyoiambia Misri mwaka 1962, kwamba aliye juu hahitaji kibali cha aliye chini ili watu wake waishi, Kenya ina haki ya kutuambia sisi leo. Mkulima wa Bomet si adui yetu. Anamwagilia kabichi kwa sababu ana watoto shuleni. Na Kenya nayo isijisahau, kwa kuwa kwingine nayo iko chini. Ziwa Turkana hupata karibu asilimia 90 ya maji yake kutoka mto Omo, unaotoka Ethiopia, ambako limejengwa bwawa la Gibe III. Wavuvi wa Turkana wamelalamika miaka mingi kwamba hawakuulizwa. Wakenya walioisikia sauti hiyo ya Turkana wanaweza kuielewa sauti ya Kirumi bila mkalimani. Na mto Lumi unatoka Kilimanjaro upande wetu, unaingia Taveta na kulisha Ziwa Jipe: hapo sisi ndio wa juu. Katika Afrika Mashariki hakuna nchi iliyo juu siku zote.

Sheria tunazo kuliko tunavyodhani. Itifaki ya Maendeleo Endelevu ya Bonde la Ziwa Victoria ilitiwa saini Arusha Novemba 2003, na inazitaka nchi wanachama kutumia maji kwa haki na kupeana taarifa kabla ya kujenga kitu kinachoweza kumdhuru mwenzake. Mwaka 2015 Kenya na Tanzania zilitia saini hati ya makubaliano ya kusimamia kwa pamoja maji ya bonde la Mara. Ndani ya kila nchi, sheria ya maji inatanguliza maji ya nyumbani, na inataka mto uachiwe kiasi cha kuuwezesha kuwa hai kabla mashamba na viwanda havijapewa. Wataalamu wa pande zote wamekwisha fanya tathmini ya kiasi hicho, tena zaidi ya mara moja. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kutuambia tunasubiri utafiti.

Kinachokosekana ni kifupi. Hati ya makubaliano haina namba. Haisemi kwamba pale mto unapovuka mpaka, siku ya kiangazi kikali, maji yasipungue kiasi fulani. Haisemi mto ukikaribia kiasi hicho nani azime mashine kwanza, nani afuate. Na kwa kuwa haina namba, afisa wa Kenya anayetoa kibali hana cha kumzuia hata akiwa mtu mwema, na afisa wa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria aliyeko Mwanza hana cha kudai hata akiwa mtu shupavu.

Mimi ningetaka sehemu ya mpakani ihesabiwe kwanza, kabla ya kibali kingine kutolewa. Maji ya kunywa ya watu wa pande zote, na maji ya kuuweka mto hai hadi ziwani, yatolewe juu ya hesabu, na kinachobaki ndicho kigawiwe kwa umwagiliaji, hoteli na migodi. Na vibali vya umwagiliaji viandikwe kwa majira: mwenye shamba aruhusiwe kuvuta Aprili na Mei mto unapofurika, ajaze bwawa lake, na Februari atumie akiba yake bila kugusa mto. Wafugaji wetu wanajua kuchimba malambo ya kungojea kiangazi, na mwenye shamba kubwa ana uwezo kuliko wao. Gharama ipo, na ni halali aibebe anayepata faida.

Wala Tanzania isidhani deni liko upande mmoja. Kuna mpango wa siku nyingi wa bwawa la Borenga, wilayani Serengeti. Bwawa likijengwa, maji ya watu wa kinamasi na wavuvi wa chini yake yatategemea milango yake inavyofunguliwa, na wale wa chini ni Watanzania wenzetu ambao watatuuliza swali lile lile tunalowauliza Wakenya. Zebaki inayotumiwa na wachimbaji wadogo kukamatia dhahabu haikutoka Mau. Ng'ombe waliojazwa kwenye kingo na kuzigeuza vumbi ni wetu. Na Jumuiya za Watumia Maji tulizoziunda kisheria, mara nyingi tumeziacha bila hata nauli ya kumfikisha mwenyekiti wake kwenye mkutano. Upande wa Kenya Chama cha Watumia Maji wa Mto Mara kimekuwapo tangu miaka ya 2000, na watu wake wamepanda miti na kutengeneza vyanzo kwa mikono yao. Watu hawa wa pande mbili ndio wangepaswa kukaa pamoja kila kiangazi kinapoanza, siyo mawaziri peke yao.

Nisemapo vipimo sizungumzii mitambo ya ajabu. Vituo vipo tangu zamani: Nyangores hupimwa Bomet, Amala hupimwa Kapkimolwa, na upande wetu kipo cha Mara Mines. Tatizo la vituo vya mito Afrika Mashariki tunalijua sote: nguzo husombwa na mafuriko, msomaji halipwi kwa wakati, daftari hubaki na miezi mitupu, na takwimu hufungiwa ofisini. Tunapaswa kuwa na kituo kimoja imara mpakani penyewe, kinachosomwa na watu wa nchi zote mbili, na usomaji wake utangazwe. Redio za Bomet, Narok, Tarime na Musoma zinatangaza bei ya mahindi na ya ng'ombe kila wiki, na kina cha mto nacho kinastahili nafasi hiyo.

Kila tarehe 15 Septemba, tangu mwaka 2012, Kenya na Tanzania huadhimisha Siku ya Mara chini ya Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria yenye makao yake Kisumu. Nchi hizi hupokezana uenyeji. Miti hupandwa, wanafunzi huimba, mawaziri huzungumza. Naitaka siku hiyo iendelee. Ombi langu kwa mawaziri wawili watakaopanda jukwaani mwaka ujao ni kwamba, kabla ya hotuba, wausomee umma mambo matatu: maji yaliyovuka mpaka siku ile mto ulipopungua kuliko siku zote za mwaka, vibali vipya vilivyotolewa mwaka huo kila upande, na majina ya vijiji vilivyolala bila maji siku hiyo ya upungufu. Wakishindwa kuyasoma, waeleze mbele ya wananchi ni ofisi gani ilipaswa kuyapima na kuyaandika, na lini itaanza.